Wadudu wa Maua: Anza na Sabuni, Sumu Iache Dukani

Hebu inuka kidogo ukatazame dirishani pako. Ikiwa wewe ni mkazi wa Shauri Moyo, au wa Kaloleni, Makongeni na mitaa mingine ya Eastlands jijini Nairobi, huenda hapo pana kopo la mafuta ya kupikia lililogeuzwa kuwa chungu cha maua. Pengine mna mshubiri ndani yake, au mrehani, au ule mmea wa majani marefu yaliyosimama kama mapanga. Mlangoni labda pana gunia la udongo lililotobolewa ubavuni, na sukuma wiki inachungulia kutoka kila tundu. Sasa geuza jani moja utazame upande wake wa chini. Umeona nini?

Ikiwa umeona vijidudu, usishtuke. Havitakuua wewe wala mtoto wako. Kinachoweza kumuua mtoto wako ni kile utakachokimbilia kununua ili uviangamize. Ndiyo sababu mimi, daktari wa kawaida ambaye si mkulima wala bingwa wa maua, nimeshika kalamu wiki hii kuandika juu ya wadudu wa maua katika ukurasa wa afya.

MTOTO ALIYETOKWA NA MATE

Miaka kadhaa iliyopita, mchana mmoja wa mwezi wa Februari, mama mmoja wa Shauri Moyo aliingia mbio katika kliniki yangu akiwa amembeba mtoto wa kiume wa miaka mitatu. Mtoto alikuwa akitapika na kuhara. Alihema kwa shida, kifua kikikoroma, na mwili wote ulilowa jasho. Mate yalimtoka mfululizo mpaka kitenge cha mama yake kikawa chepechepe.

Niseme ukweli: nilikosea mwanzoni. Siku hizo tulikuwa tukipokea watoto wengi wenye kuhara, nami nikadhani huyu ni mmoja wao ambaye amepata homa ya mapafu juu ya kuhara. Nikamuuliza mama maswali ya kila siku. Amekula nini? Maji mnachemsha? Ilipita karibu robo saa kabla sijamulika macho ya mtoto. Mboni zilikuwa zimenywea, ndogo kama ncha ya sindano. Hapo ndipo nilipoinama nikanusa shati lake. Lilinuka dawa.

"Mama, nyumbani mna dawa ya wadudu?"

"Ni ile ya maua tu, daktari," akajibu. "Iko kwenye chupa ya soda, chini ya meza."

Nieleze kidogo yaliyokuwa yakitendeka ndani ya mwili wa mtoto yule, maana ukiyaelewa hutaisahau chupa ile. Neva zetu hupeleka amri kwa misuli na tezi kwa kutoa kemikali fulani. Amri ikishafika, kimeng'enya maalum huifuta kemikali hiyo mara moja, kama mwalimu afutavyo ubao ili aandike jambo jingine. Sumu nyingi za kuua wadudu, hasa zile za jamii ya oganofosfeti, humfunga mikono mfutaji huyo. Amri hazifutiki tena. Tezi za mate zinatoa mate bila kukoma, tumbo linakoroga, misuli inachezacheza kisha inalegea, na mapafu yanajaa majimaji. Mgonjwa huzama akiwa nchi kavu. Mdudu naye ana kimeng'enya hicho hicho, na hivyo ndivyo sumu hiyo inavyomuua. Tofauti kati ya mdudu na mtoto ni kipimo tu.

Tulimvua mtoto nguo zote, tukamwosha kwa sabuni na maji mengi, nikamdunga atropini ambayo ndiyo dawa ya kupambana na sumu hiyo. Nilikuwa na vichupa vichache mno. Tulikimbia naye kwa teksi hadi hospitali kubwa, akalazwa siku sita. Aliishi. Lakini kama mama yule angechelewa nusu saa zaidi, au kama mimi ningeendelea kuuliza habari za maji ya kunywa, nisingekuwa na hadithi ya kukusimulia.

Wiki mbili baadaye mama alirudi kliniki. Mtoto alikuwa akirukaruka na kuvuta vitu mezani pangu. Mama alishukuru, akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Sasa, daktari, wale wadudu bado wapo. Nitawaua na nini?"

Nilitaka kumwambia autupe mmea. Akanieleza kwamba ulikuwa wa marehemu mama yake. Ni ule mmea utambaao wenye majani kama umbo la moyo, ambao wengi huuita mti wa pesa. Mama yake aliupanda katika kopo la maziwa ya unga, katika nyumba hiyo hiyo, yeye akiwa msichana wa shule ya msingi. Ulikuwa umezunguka dirisha lote na kuanza kufuata ukuta. Sasa ulikuwa umejaa vitu vyeupe kama pamba, majani yakinata na kugeuka manjano. Nikaona haya. Sikuwa na jibu.

Basi nikaenda kumuuliza anayejua. Kuna mama mzee auzaye miche kando ya barabara, ambaye hupita kwake kila mwenye bustani na kila mwenye kopo. Nilipomweleza kisa, alitikisa kichwa. "Mwanangu," akaniambia, "watu wa siku hizi wakiona mdudu mmoja wanataka bunduki." Haya ninayokuandikia yametoka kwake, mengine katika vitabu, na yote nimeyajaribu nyumbani kwangu, ambako yaligharimu jani moja au mawili.

MJUE KWANZA MDUDU WAKO

Wadudu wa maua ya nyumbani ni wachache, na karibu wote hufanya kazi moja: kutoboa jani na kufyonza utomvu.

Walio wengi ni vidukari, vidogo vya kijani au vyeusi, wanaojazana kwenye machipukizi. Hupenda sukuma wiki kupita kiasi. Ukiona msururu wa sisimizi wakipanda na kushuka kwenye shina, jua vidukari wapo. Sisimizi huwafuga kama sisi tufugavyo ng'ombe: huwalinda na kulamba maji matamu yanayotoka kwao. Maji hayo ndiyo yanayofanya majani yanate, na baadaye huota ukungu mweusi kama masizi. Watu wa Shauri Moyo hudhani ni moshi wa mafundi wa Kamukunji. Ufute kwa kidole, moshi hautanata.

Kisha kuna wale weupe wenye ungaunga kama pamba, wanaojificha kwenye pembe ambako jani hukutana na shina. Hao ndio waliokuwa katika mmea wa yule mama. Jamaa zao ni wadudu gamba, ambao hung'ang'ania shina kama vipele vya kahawia na ambao wengi hawatambui kabisa kuwa ni viumbe hai. Kuna inzi weupe wanaoruka kama majivu ukitikisa mmea. Na kuna utitiri, ambao si mdudu hasa bali ni wa ukoo wa kupe na buibui, mwenye miguu minane. Huyu ni mdogo mno. Utamjua kwa vijidoa vya manjano juu ya jani na utando mwembamba chini yake. Hupenda ukame na vumbi, ndiyo maana miezi ya Januari hadi Machi, vumbi la Jogoo Road linapoingia madirishani, huwa ni sikukuu yake.

Vile vijinzi vyeusi vinavyozunguka juu ya udongo havili majani. Vinakuambia jambo moja tu: unamwagilia kupita kiasi. Acha udongo ukauke upana wa vidole viwili toka juu kabla ya kumwagilia tena, na hakikisha kopo lina matundu chini. Na hicho kisahani unachokiweka chini ya kopo, kimwage kila baada ya siku chache. Maji yaliyotuama humo ni mahali pa mbu kutagia. Wenzetu wa Mombasa, waliopatwa na homa ya dengi mwaka wa 2013, wanajua vizuri jinsi mbu wa aina hiyo anavyoridhika na maji kidogo ndani ya nyumba.

SABUNI NA MAJI

Sasa tuje kwenye dawa. Dawa ya kwanza ni maji matupu. Peleka kopo bafuni au kwenye mfereji wa nje, inamisha mmea, na uoshe upande wa chini wa majani kwa maji yenye nguvu kiasi. Vidukari wakishaanguka, wengi hawawezi kupanda tena. Majani mapana yafute kwa kitambaa kilicholowa. Najua utaniambia, "Daktari, huku kwetu maji huja mara chache." Ndiyo sababu dawa ya pili ni bora zaidi kwako, maana chupa moja yatosha.

Chukua lita moja ya maji safi. Weka sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, kijiko kimoja cha chai, au viwili ikiwa wadudu ni wengi. Kama huna sabuni ya maji, kwangua sabuni ya kipande kiasi hicho uyeyushe kwa maji ya moto, kisha acha yapoe. Usitumie sabuni ya unga ya kufulia wala dawa ya kung'arisha nguo, kwani huunguza majani. Tia katika chupa ya kunyunyizia, kama ile anayotumia kinyozi kulowesha nywele. Nyunyiza jioni au asubuhi mapema, kamwe si jua likiwa kali, na uhakikishe upande wa chini wa majani umelowa kabisa.

Sabuni haina sumu ya neva. Huondoa nta inayomkinga mdudu asikauke, huvuruga ngozi yake laini, naye hukauka. Lakini sharti imguse. Ikishakauka juu ya jani haiui tena, na mayai huponea. Kwa hiyo rudia baada ya siku tano hivi, kisha rudia tena, mpaka ifike mara tatu au nne. Wengi hushindwa hapa. Hunyunyiza mara moja, wakaona wadudu wamepungua, wakasahau. Wiki ya pili mayai yameanguliwa, na mtu anatangaza kwamba sabuni haifanyi kazi. Ni sawa na mgonjwa wangu anayeacha vidonge siku ya pili kwa kuwa homa imeshuka.

Kabla ya kunyunyiza mmea mzima, jaribu jani moja usubiri siku moja. Mimea mingine haipendi sabuni. Ikiwa ni sukuma wiki au dhania, suuza kwa maji safi kabla ya kupika. Hakuna siku za kungoja kama zilivyo kwa sumu za dukani, ambazo kila moja ina idadi yake ya siku kabla mboga haijafaa kuliwa. Siku hizo muuzaji wa chupa isiyo na maandishi hawezi kukutajia.

Kwa wale weupe wa pamba, mama mzee alinipa silaha nyingine: spiriti ya hospitali. Lowesha kipande cha pamba kwenye kijiti, mguse mdudu mmoja mmoja. Utamwona akibadilika rangi papo hapo, nta yake ikiwa imeyeyuka. Ni kazi ya subira, mfano wa kuchambua mchele. Fungua dirisha, na usifanye hivyo karibu na jiko wala mshumaa. Wadudu gamba wakwangue kwa mswaki mkuukuu uliochovywa katika maji ya sabuni.

Inzi weupe wana udhaifu mmoja: wanaipenda rangi ya manjano. Ule mtungi wa manjano wa mafuta ya kupikia, ukishapasuka, usiutupe. Kata kipande kama kiganja, kipake mafuta ya mgando, kining'inize karibu na mmea. Wataruka wenyewe hadi hapo na kunasa. Hakimalizi wote, lakini hupunguza wanaotaga mayai.

Na mmea mpya ukiletewa na rafiki au ukiununua barabarani, usiuweke pamoja na mingine siku hiyo hiyo. Utenge wiki mbili. Sisi madaktari tunaita hilo karantini, na hufanya kazi kwa maua kama kwa watu.

RAFIKI USIYEMJUA

Kuna jambo jingine ambalo wengi hawalifikirii. Yule mdudu wa mviringo, mwekundu mwenye madoa meusi, na watoto wake wanaofanana na mamba wadogo, hula vidukari kwa makumi. Buibui wa dirishani naye hufanya kazi bila mshahara. Ukinyunyiza sumu kali, hao hufa pia, na aghalabu hukawia kurudi. Vidukari hurudi upesi, tena wakikuta uwanja mtupu.

Si maneno ya wapenda maua tu. Katika miaka ya 1970 mdudu mweupe wa aina hiyo hiyo ya pamba, aliyetoka Amerika ya Kusini, alivamia mihogo ya Afrika na kutishia chakula cha mamilioni ya watu. Aliyemshinda hakuwa dawa ya kunyunyiza, bali ni nyigu mdogo sana aliyepatikana Paraguay na kuanza kuachiliwa mashambani Nigeria mwaka wa 1981. Nyigu huyo hutaga yai ndani ya mdudu, na mtoto wake humla mdudu kutoka ndani. Mwanasayansi aliyeongoza kazi hiyo, Hans Herren, alitunukiwa Tuzo ya Chakula Duniani mwaka wa 1995. Wakati huo alikuwa tayari hapa kwetu Nairobi, akiongoza ICIPE, kituo cha utafiti wa wadudu kilichoanzishwa mwaka wa 1970 na Mkenya, Profesa Thomas Odhiambo. Makao yake huko Kasarani yanaitwa Duduville.

SI KILA CHA NYUMBANI NI SALAMA

Hapa lazima nisimame kidogo, kwa maana kuna wanaodhani kwamba kitu kikishakuwa cha jikoni au cha porini, hakina madhara. La hasha! Mnanaha unaoota wenyewe kando ya barabara zetu ni mmea wa asili kabisa, na unaweza kukupeleka kaburini.

Tumbaku, kwa mfano. Wapo wanaochemsha tumbaku au vipande vya sigara na kunyunyiza maji yake. Ni kweli yanaua wadudu, kwa sababu nikotini ni sumu ya neva, tena kali. Hupenya hata kwenye ngozi. Wanaochuma majani mabichi ya tumbaku yenye umande hupata kizunguzungu na kutapika kwa sababu hiyo. Kuichemsha katika sufuria utakayopikia uji kesho ni jambo ambalo sitaki kulisikia.

Mafuta ya taa nayo hutajwa sana. Huunguza majani, na hilo ni dogo. Kubwa ni kwamba mtoto akiyanywa, hata funda moja likapitia njia isiyo yake, huingia mapafuni na kuleta uvimbe mbaya. Watoto wa namna hiyo nimewaona wengi kuliko wa sumu ya wadudu, na karibu kila mara chombo ni kile kile: chupa ya soda.

Pilipili iliyopondwa na kuchanganywa na kitunguu saumu huwafukuza baadhi ya wadudu, lakini katika nyumba ya chumba kimoja utawafukuza na wenye nyumba. Mwenye pumu asiikaribie. Kama ni lazima, nyunyizia nje, na usijifute macho.

Mwarobaini ni mzuri. Wenzetu wa Pwani, toka Mombasa hadi Lamu, wameujua tangu zamani, na wataalamu wa ICIPE wameufanyia utafiti. Haumuui mdudu papo hapo, bali humwondolea hamu ya kula na kumzuia kukua. Mafuta yake kidogo katika maji ya sabuni yanatosha kwa maua. Lakini usimnyweshe mtoto mchanga mafuta hayo kwa kuwa umeambiwa mti huo hutibu magonjwa arobaini. Watoto huko Asia wamepata degedege, ini kuharibika, na wengine kufa.

Na ikiwa sabuni, subira na spiriti vimeshindwa? Basi kuna dawa ya pareto, ua letu wenyewe. Kenya iliwahi kuwa mzalishaji wake mkubwa kuliko nchi zote duniani, na wakulima wa Nakuru, Nyandarua na Kisii wanalijua vyema. Huisha nguvu upesi juani, na madhara yake kwa binadamu ni madogo ukilinganisha na zile sumu nyingine, ingawa wenye pumu wajihadhari na wenye samaki ndani ya nyumba wawafunike. Inunue katika duka la agroveti, ikiwa kwenye chupa yake yenye kibandiko.

CHUPA YA SODA

Kibandiko hicho si pambo. Tangu sheria ya mwaka wa 1982, kila dawa ya wadudu inayouzwa nchini inapaswa kusajiliwa na Bodi ya Kudhibiti Dawa za Wadudu na kuwa na maelezo yake. Tazama mkanda wa rangi chini ya kibandiko. Mwekundu maana yake ni sumu kali sana. Wa manjano bado ni hatari. Wa buluu ni afadhali. Wa kijani ndio wa chini kabisa. Mwenye maua matatu dirishani hana kazi na mkanda mwekundu wala wa manjano. Hizo ni za shambani, na hata huko sharti uvae glavu na viatu vya mpira.

Sasa yule anayekupimia dawa ya shilingi hamsini kutoka mtungi mkubwa hadi katika chupa uliyokwenda nayo, ameiondoa rangi hiyo. Ameondoa na jina, ambalo daktari atalihitaji. Amebakiza umbo la chupa tu, na mtoto wa miaka mitatu anasoma umbo. Chupa ya soda kwake ni soda.

Wala si watoto peke yao wanaokosea. Mwezi wa Julai mwaka wa 2013, katika shule moja ya kijijini jimbo la Bihar nchini India, watoto walipewa chakula cha mchana kilichopikwa kwa mafuta yaliyokuwa yamewekwa katika chombo kilichowahi kuwa na sumu ya wadudu iitwayo monokrotofosi, ambayo ni ya jamii ile ile ya oganofosfeti. Watoto 23 walikufa. Wapishi walikuwa watu wazima.

Kwa hiyo hata ile chupa yako ya maji ya sabuni iandike kwa kalamu ya wino usiofutika, na uiweke juu. Ikinywewa itamfanya mtoto atoe povu na kutapika kidogo, lakini afadhali asiinywe.

IKIWA IMETOKEA

Ukishuku mtoto amekunywa sumu ya wadudu au imemmwagikia, usimpe maziwa. Najua utaambiwa na majirani wote. Maziwa hayazimi sumu hii, na humpa kitu zaidi cha kutapika na kumkaba. Usimtapishe kwa kidole wala kwa maji ya chumvi. Kwa mafuta ya taa hilo ni baya maradufu. Mvue nguo zilizoloa, mwoshe ngozi kwa sabuni na maji, wewe mwenyewe ukiwa umefunga mifuko ya plastiki mikononi. Macho yakiingiwa, yamwagilie maji safi robo saa nzima. Akisinzia, mlaze kwa ubavu. Kisha nenda hospitali bila kusubiri dalili, na ubebe ile chupa. Hata kama haina kibandiko, ibebe, harufu yake itatusaidia.

Ukifika, sema neno "sumu" mlangoni kabla hujaulizwa habari za kuhara. Daktari aliyechoka anaweza kukosea. Mimi nilikosea.

Kuhusu mmea wa yule mama, haukupona wote. Alifanya kazi ya pamba na spiriti kila Jumapili jioni, mtoto akiwa kwa shangazi yake. Baada ya mwezi aliona shina kuu limeoza, kwa hiyo akakata vipande vitano vyenye majani safi, akaviosha kwa maji ya sabuni na kuvitia katika gilasi ya maji juu ya kabati, mahali ambapo mtoto hafiki, kwani nilikuwa nimemwambia kwamba hata mmea wenyewe ukitafunwa huchoma mdomo. Vipande vitatu vilitoa mizizi. Kimoja aliniletea kliniki katika kopo la maziwa ya unga. Kiko dirishani pangu, na kila Jumatatu, kabla ya mgonjwa wa kwanza, nayageuza majani yake.